Nilitaka wanafunzi wote waseme, sasa mmoja anaumwa tumbo kila kipindi changu

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari ya kutwa wilayani Tororo, Uganda. Nina miaka 36 na nimefundisha kwa miaka 11. Nakuandikia usiku, watoto wangu wakiwa wamelala, kwa sababu jambo hili nimewaeleza wengi na kila mtu ananijibu kwa neno moja tu: acha, au endelea. Mimi sijui niache nini, wala niendelee na nini.

Tangu mtaala mpya uanze mwaka 2020 tunaambiwa kwamba mawasiliano ni stadi inayojengwa na kila somo, na kwamba mwalimu wa Kiingereza hawezi kuachiwa kazi hiyo peke yake. Mimi jambo hilo lilinigusa. Kidato changu cha pili kina wanafunzi 83. Ukiuliza swali, wanaonyoosha mikono ni walewale sita. Waliobaki wanaandika vizuri tu, lakini ukimsimamisha mmoja anaanza kutazama kucha zake. Nikampelekea mwalimu mkuu pendekezo: kila mwanafunzi, katika kila somo, asimame mbele ya wenzake angalau mara moja kwa muhula na kuzungumza dakika tatu bila kusoma. Alifurahi sana. Akanifanya msimamizi wa mpango wote, kisha akaongeza lake: kila Ijumaa mwanafunzi mmoja ahutubie shule nzima paredi, na siku ya wazazi tuwaonyeshe wageni.

Mwezi uliopita ilifika zamu ya binti mmoja wa miaka 15. Mada ilikuwa mvua ya milimani, jinsi upepo wenye unyevu unavyopanda mlima kama Elgon, ukapoa, ukaangusha mvua. Daftari lake nilikuwa nimelisahihisha mwenyewe, na mchoro wake ulikuwa safi kuliko wa kitabu. Alisimama, akatamka neno la Kiingereza la upepo mara tatu, halafu sauti ikakatika. Nikamwambia, “Endelea, usiogope.” Mtu akacheka nyuma. Nikamwambia tena aendelee. Machozi yakamtoka, akakimbia nje bila mkoba wake.

Siku nne hakuja shule. Siku ya tano akaja mama yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia, “Mwalimu, mwanangu anasema bora aolewe kuliko kusimama tena mbele ya watu.” Binti alirudi baadaye, lakini siku za kipindi changu anaumwa tumbo. Jumamosi moja nilipita Malaba, mpakani na Kenya, nikamwona kwenye foleni ya malori akimsaidia mama yake kuwauzia madereva karanga na mayai ya kuchemsha. Alikuwa anapatana bei kwa Kiswahili, anawatania, anadai hela yake kwa sauti. Sikuamini ni yuleyule. Nilijificha asinione.

Jambo la pili ni lugha. Katika kazi za vikundi nimekuwa nikiwaacha wazungumze kwanza kwa Kiswahili, Kijopadhola, Kiteso, Kisamia, chochote walicho nacho, kisha ripoti iwe kwa Kiingereza. Darasa linachangamka. Mwalimu wa taaluma alipita dirishani akasikia, akaniita ofisini. Kanuni ya shule ni Kiingereza kuanzia getini. Akasema ninawaharibia watoto mtihani, na kwamba akisikia tena ataniandikia barua. Juu ya hayo, mwalimu wa hesabu alisema kwenye kikao, “Hesabu haihubiriwi, inafanywa,” na wenzetu wakampigia makofi.

Mama, mimi nilikulia kambi ya jeshi, Kiswahili ndicho nilichoanza kusema. Nilipokuwa darasa la tano nilivishwa kibao cha mbao shingoni kwa kusema Kiswahili uwanjani. Nilishinda nacho kutwa, nikitafuta mwenzangu atakayekosea ili nimvishe yeye. Tangu siku hiyo sikunyoosha mkono darasani mpaka nilipofika chuo cha ualimu. Niliapa kwamba wanafunzi wangu watasema. Mume wangu anasema najitibia kidonda changu kwa watoto wa watu.

Siku ya wazazi imebaki wiki tano. Je, nijiuzulu usimamizi? Nitii kuhusu lugha? Na huyu binti nimfanyeje?

Mwalimu wa Tororo

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole nyingi kwa huyo binti.

Nikikusikia vizuri, umeweka mizigo kadhaa kwenye kapu moja. Kuna mpango ulioanza kwako na sasa umekutoka mikononi. Kuna mtoto aliyeumia mbele yako. Kuna kanuni ya lugha unayoivunja kwa sababu unaona matunda yake. Halafu chini kabisa ya kapu kuna kile kibao cha mbao. Ukiinua kapu lote kwa mkupuo utaona ni zito mno, kwa hiyo naomba tutoe kimoja kimoja, na tuanze na kile ulichokipitia haraka: foleni ya malori.

Umeandika kwamba hukuamini ni yuleyule. Je, kama ni yuleyule kabisa? Pale Malaba anajua anachouza. Anajua bei ambayo hatashuka chini yake. Lugha ni yake. Zaidi ya yote, anayemsikiliza anahitaji jibu, kwa sababu dereva ana njaa na lori linasogea. Sasa mrudishe darasani. Wenzake 82 walikuwa wanasikiliza habari ya mvua ambayo kila mmoja tayari alikuwa nayo daftarini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kilichobaki cha kungoja kilikuwa kama atakosea au hatakosea, na mtoto huyo, mwenye akili za sokoni, alilijua hilo kabla hajafungua mdomo.

Ndiyo maana nasita kidogo na hili neno kujiamini. Tunalitumia kana kwamba ni kitu mtoto anacho au hana, kama urefu. Wale 77 wasionyoosha mikono unawaona wanyonge. Inawezekana wengine wanaogopa kweli. Wengine huenda wanasubiri jibu likomae kichwani, wengine wanajua jibu lakini hawajui kulisema kwa Kiingereza, na wengine wameshagundua kwamba wale sita watajibu tu, ya nini kuhangaika. Ukimya wa aina hizi nne hautibiwi kwa dawa moja. Umewahi kuwauliza? Hata kwa karatasi isiyo na jina: nini kinakuzuia kusema darasani, na ni wapi unaposema bila shida? Ningependa sana kujua wangejibu nini.

Mwalimu mmoja Mwingereza, Douglas Barnes, aliandika mwaka 1976 juu ya jambo ambalo nadhani litakusaidia. Alitofautisha kusema kwa kutafuta na kusema kwa kuonyesha. Anayesema kwa kutafuta husitasita, huacha sentensi njiani, hurudi nyuma, hujikosoa, kwa maana ndiyo kwanza anafikiri. Anayesema kwa kuonyesha ameshafikiri, sasa anawapangia wasikilizaji. Zote mbili ni stadi, na zote zinastahili kufundishwa. Mpango wako, mwanangu, ulianza na ya pili. Dakika tatu bila kusoma, mbele ya wote, ni kazi ya mtu aliyemaliza kufikiri. Hata ukipiga hesabu tu, wanafunzi 83 kwa dakika tatu ni dakika 249, yaani vipindi sita vya dakika 40 na bado, katika somo moja. Na katika dakika hizo zote kila mtoto anasema tatu na kunyamaza 246.

Kusema kwa kutafuta kunaingia katika kipindi cha kawaida bila kukila. Hapo ndipo mwenzako wa hesabu ananivutia. Naona umemweka upande wa wapinzani, lakini sikiliza alichosema: hesabu inafanywa. Ni kweli, mtoto akisimama kuhutubia juu ya sehemu, hakuna hesabu iliyofanyika. Lakini hebu aandike ubaoni kwamba mtu amejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5. Wawili wawili, dakika mbili: mweleze jirani yako huyu mtu alifikiri nini, kisha mwonyeshe kwa nini haiwezekani. Atatokea mmoja atakayesema, “Ngoja, 2/5 ni ndogo kuliko hiyo 1/2 aliyoanza nayo!” Hapo hesabu imefanywa kwa mdomo. Huenda mwalimu huyo tayari anafanya kitu kama hicho bila kukiita mazungumzo. Ungeomba kukaa nyuma ya darasa lake kipindi kimoja, ukajifunze, ungekuwa umepoteza nini?

Kila somo lina namna yake ya kusema, na nafikiri hili mpango wako haukuliona kwa sababu ulidai hotuba moja kwa masomo yote. Kemia inataka mtu aseme anachotarajia kabla ya kukiona. Tumbukiza msumari wa chuma katika maji ya buluu ya salfeti ya shaba: mtatabiri nini? Baadaye msumari ukivaa wekundu wa shaba na buluu ikafifia, mtoto anaona pengo kati ya alichotabiri na kilichotokea, na pengo hilo ndilo linalomfanya aseme “kwa sababu.” Historia inataka ubishi wenye ushahidi. Chukua Mkataba wa mwaka 1900 kati ya ufalme wa Buganda na Waingereza. Kabaka, yaani mfalme, Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, kwa hiyo walioshika kalamu kwa upande wake ni walezi wa kiti, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, na upande wa Waingereza alikuwa Harry Johnston. Mpe mmoja awe Kagwa anayeeleza kwa nini alikubali ile ardhi ya mailo, waliyogawiwa wakuu kwa maili za mraba, mwingine awe Johnston, wa tatu awe mkulima aliyesikia kwamba sasa nyumba yake inatozwa kodi ya rupia tatu. Wanne waliobaki kikundini wawahoji. Mtoto mwenye haya mara nyingi huweza kusema kwa mdomo wa mtu mwingine kile asichoweza kusema kwa mdomo wake.

Na katika jiografia yako mwenyewe: wawili wakae wakipeana migongo. Mmoja ana mchoro wa mlima upande unaopigwa na upepo, mwenzake ana mchoro wa upande wa pili usiopata mvua. Kila mmoja amweleze mwenzake mpaka wachore mlima mzima. Hapo kila mtoto ana habari ambayo mwenzake hana. Ni karanga na dereva, mwanangu.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho hakihitaji ruhusa ya mtu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde moja. Walipojizoeza kusubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliojitokeza kujibu waliongezeka. Nayasema haya kwa upole, kwa sababu uliposema “endelea, usiogope,” ulikuwa unampa pole, lakini huenda yeye alisikia kuhimizwa mbele ya watu. Wala aliyecheka si jambo dogo. Je, darasa lako lilifundishwa kusikiliza kabla ya kufundishwa kusema? Msikilizaji akipewa kazi, kwa mfano lazima amuulize msemaji swali moja la kweli, hubaki na nafasi ndogo ya kucheka.

Tuje kwenye lugha, ambako najua moyo wako uko moto. Mwalimu wa taaluma hajaizua hofu yake. Mitihani inaandikwa kwa Kiingereza, na wazazi wengi wanauza ng'ombe wakitarajia Kiingereza. Upande wako nawe una hoja. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, mtaala wa 2020 umekiweka kati ya masomo ya lazima kidato cha kwanza na cha pili, na shule nyingi za msingi vijijini huanza kufundisha kwa lugha ya eneo mpaka darasa la tatu. Mtoto aliyeanza kufikiri kwa Kijopadhola haachi kufikiri kwayo kwa sababu ameingia getini.

Ukiendelea kimyakimya, barua itakuja, na huenda watoto nao wakaadhibiwa kwa jambo uliloruhusu wewe. Ukitii moja kwa moja, unajua darasa litarudi kutazama kucha. Kuna njia ya katikati: mwombe mwalimu wa taaluma muda maalumu, tuseme dakika tano za mwanzo kwa lugha yoyote, halafu dakika tano za kutafuta pamoja sentensi za Kiingereza, mwanzo wake ukiwa ubaoni, na wazitamke kwa jirani kabla ya darasa kuzisikia. Mwalike akae ndani badala ya kusimama dirishani. Bado anaweza kukataa. Na angalia jambo moja ambalo pengine hujaliona: katika kikundi cha Wajopadhola wanne na Msamia mmoja, lugha ya nyumbani ya wanne inaweza kumfanya wa tano kuwa mgeni. Kibao kina namna nyingi za kuning'inia shingoni.

Kuhusu usimamizi. Ukijiuzulu utapumua, lakini mpango utabaki na hotuba za Ijumaa, na asiyezijua athari zake ndiye atakayezisimamia. Ukiendelea nao ulivyo, kuna binti mwingine kwenye orodha. Ukitaka kuubadilisha itabidi umwambie mwalimu mkuu kwamba wazo lako la kwanza lilikuwa na kasoro, na hilo lina gharama kwa mtu aliyesifiwa kwa wazo hilo. Usiende mikono mitupu. Mtaala wenyewe unamtaka mwalimu akusanye ushahidi wa umahiri kwa njia tatu: kuangalia, kuzungumza na mwanafunzi, na kazi aliyotoa. Alama za kazi za shuleni ni asilimia 20 ya matokeo, na mtihani wa mwisho ni 80. Watahiniwa wa kwanza wa mfumo huu walifanya mtihani mwaka 2024, kwa hiyo kila shule bado inajitafuta. Ukimwambia kwamba mazungumzo ya wawili wawili ni ushahidi unaotambuliwa, huombi fadhila.

Siku ya wazazi nayo si lazima iwe kipaza sauti. Nimewahi kuona wanafunzi wakisimama wawili wawili kwenye meza, kila meza na kazi yake, wazazi wakipita na kuuliza wanachotaka, kwa lugha wanayotaka. Mwalimu mkuu anaweza kuona haina fahari. Na wale sita wako, usiwasahau, wamejiandaa na wanastahili jukwaa lao. Huenda pana nafasi ya vyote viwili, lakini ni ninyi mnaoijua shule yenu.

Sasa binti. Kabla ya mambo ya kusema, kuna neno lililonishtua: bora aolewe. Yawezekana ni namna tu ya mtoto kusema amechoka. Yawezekana pia kuna mtu nyumbani ameshaitaja ndoa, na siku ile darasani ilimpa sababu. Ana miaka 15, na Katiba inasema 18. Tafadhali mshirikishe mwalimu mlezi wa wasichana, kwa busara, ajue hali ikoje. Hilo nisingelingojesha wiki tano.

Mengine yanaweza kwenda polepole. Unaweza kumwondoa kabisa kwenye zamu za kusimama, lakini ukifanya hivyo bila kumwambia, anaweza kuelewa kwamba umemkatia tamaa. Unaweza kumpa mwenzake anayemwamini wafanye kazi ya migongo, yeye akiwa mmoja kati ya 83 wanaozungumza kwa wakati mmoja, ambapo hakuna anayemtazama. Unaweza kumuuliza yeye mwenyewe angependa nini. Nakuomba tu usimgeuze kuwa ushahidi kwamba mpango wako unafaa. Mtoto huhisi haraka akiwa mzigo wa matumaini ya mtu mzima.

Hapo ndipo mumeo amegusa kitu, ingawa mimi nisingelisema kama yeye. Kidonda chako ndicho kilichokufanya uwaone wale 77 wakati wengine waliwaona kama darasa lililotulia. Nani mwingine angewaona? Ila yule mtoto wa darasa la tano mwenye kibao, kama angeulizwa siku ile, angeomba apewe dakika tatu mbele ya shule? Au angeomba kitu kingine? Jibu unalo wewe, na nadhani ukilipata litakuambia mengi juu ya unachotaka kuwapa hawa wa sasa.

Umejificha asikuone Malaba. Siku nyingine huenda usijifiche, ukanunua karanga kama mteja yeyote, ukaacha apange bei. Shule usiitaje. Na ukiamua kumwomba radhi kwa yale ya darasani, basi si mbele ya wenzake 82, na iwe mahali ambapo halazimiki kukujibu.

Niandikie baada ya siku ya wazazi.